Ziwa Lililokaa Juu ya Mashamba

Nimestaafu, macho yangu yamechoka, na sina haja tena ya kumpamba mtu. Kwa hiyo nikisema kwamba katika miaka thelathini na mmoja niliyokaa kwenye chumba cha kuchora ramani sikuona mkono kama wa Buluu, mjue sitii chumvi. Na mjue pia kwamba mimi ndiye niliyemcheka mwanamke huyo mbele ya watu kwa kosa la kuona sawasawa. Nitafika huko, msinikimbize.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya pili, chenye madirisha makubwa upande usiopigwa na jua, meza kumi na mbili zilizoinama kidogo, na juu ya kila meza taa ya shingo ndefu. Hatukuitana kwa majina. Ramani moja ilichorwa na watu wanne, kila mmoja na karatasi yake ya plastiki na rangi yake, kisha karatasi hizo zilipangwa moja juu ya nyingine na kupigwa chapa. Mwenye nyeusi alichora nyumba, barabara na maandishi. Mwenye kijani alichora mashamba. Mwenye buluu alichora maji. Mimi nilikuwa wa kahawia, yaani wa mistari ya kimo, ile inayopindapinda kuonyesha ardhi inapopanda na inaposhuka. Mtu akikaa kwenye rangi yake miaka miwili, jina la nyumbani linasahaulika. Mke wangu mwenyewe akinikasirikia aliniita Kahawia.

Buluu alikuja akiwa na umri wa miaka ishirini na minane. Kabla ya hapo alikuwa akitarizi vitambaa vya meza. Mkuu wetu, mtu wa maneno machache aliyetembea na wembe kwenye mfuko wa shati kwa sababu kosa la wino kwenye plastiki hukwanguliwa kwa wembe, alimpa kipande cha mto chenye kona kama arobaini akamwambia achore. Akaenda kunywa chai, akarudi na wembe mkononi. Aliinama, akatazama kona moja baada ya nyingine, akaurudisha wembe mfukoni. "Kaa hapo," akasema, akionyesha meza iliyo jirani na yangu.

Aliishi na mama yake mzazi katika vyumba viwili nyuma ya duka la vitasa na misumari. Mama huyo alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, kidogo kidogo, mpaka ukaisha wote. Njia yetu ya kurudi nyumbani ilikuwa moja, kwa hiyo nilifika pale mara nyingi, na kila mara nilikuta swali lilelile.

"Leo umechora nini?"

"Maji, mama."

"Na jana?"

"Maji."

"Hayo maji yenu hayaishi?"

Basi mama alikuwa akicheka mpaka akohoe. Utani huo mmoja, miaka nenda miaka rudi, na hawakuuchoka.

Buluu alikuwa na miaka sita kwetu ilipokuja karatasi ya ziwa. Lilikuwa ziwa la jangwani, kubwa, lisilotoa mto hata mmoja. Maji huingia tu, na hayatoki ila kwa kukaushwa na jua. Kuzunguka pote ni mchanga na chumvi, isipokuwa ukanda mmoja wa ufukoni ambako mifereji mirefu huleta maji ya kumwagilia, na mengi ya yale yaliyokwisha kutumika huishia humo ziwani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko. Ramani ya mwisho ilikuwa na umri wa miaka ishirini, na daftari la wapimaji wa wakati huo lilisema ziwa liko mita mbili chini ya mashamba. Tukapewa picha mpya zilizopigwa kutoka kwenye ndege.

Hapa nieleze kidogo. Unachukua picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kutoka sehemu mbili za anga, unaziweka chini ya kifaa chenye lenzi mbili. Sisi tulikiita miwani ya meza. Jicho hili linaona picha hii, jicho lile linaona ile, na ghafla karatasi inainuka. Vilima vinasimama, mabonde yanazama, mti unatoa kichwa. Nilifanya kazi hiyo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na kila asubuhi ardhi ilipoinuka kwa mara ya kwanza mwili ulinisisimka. Lakini ukikosea, ukaweka ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, kila kitu kinapinduka. Kilima kinakuwa shimo, na mto unapita juu ya ukuta. Kila mgeni wa chumba chetu alifanya kosa hilo, na kila mgeni alichekwa. Ndivyo tulivyomkaribisha mtu.

Asubuhi moja Buluu aliinua kichwa. "Mzee Kahawia, hebu njoo uone. Ziwa liko juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya mashamba. Limekaa juu kabisa, kuna tuta tu limelizuia."

Nikainama kwenye miwani. Kweli, ziwa lilikuwa limeinuka, na mashamba yako chini yake. Nikacheka kicheko ambacho chumba kizima kilikisikia. "Miaka sita hapa na bado unageuza picha! Jamani, njooni mwone ziwa linaloning'inia hewani!"

Wakaja, wakaona, wakacheka. Nikatazama namba zilizo pembeni mwa picha. Kanuni yetu ilikuwa namba ndogo kushoto, na yeye alikuwa ameiweka kulia. Nikazibadilisha kwa mkono wangu. "Haya, tazama sasa."

Akatazama. Ziwa lilikuwa limeshuka likakaa chini, kama daftari lilivyosema.

"Mimi nilizipanga kwa kufuata vivuli," akasema polepole.

"Vivuli havina namba, dada," nikamjibu, na watu wakacheka tena.

Kwa miezi minne tulimwita Ziwa-Juu. Alichora ufuko wake kwa buluu, nami nikachora mistari yangu ya kahawia ikishuka kwa upole kutoka mashambani hadi majini. Ilikuwa kazi safi, na nilijivunia. Ramani ikapigwa chapa, ikapigwa muhuri, ikaenda zake.

Ofisi ya umwagiliaji ilikuwa ikiisubiri kwa hamu. Mashamba ya chini kabisa, yale yaliyo karibu na ufuko, yalikuwa yanaota chumvi kwa sababu maji yake hayakuwa na pa kwenda. Mhandisi wao aliona mteremko kwenye ramani yetu akafurahi. Akaamuru mtaro uchimbwe kutoka mashambani hadi ziwani, maji ya chumvi yatiririke yenyewe. Habari hiyo ilitoka gazetini siku ya Alhamisi, pamoja na picha ya katapila, na ilisema mtaro utalifikia ziwa Jumamosi.

Buluu alisoma gazeti hilo wakati wa chai. Alikwenda kwenye kabati la picha, akavuta droo, akarudi na picha zile mbili, akazipanga alivyozipanga siku ile. "Mzee Kahawia, njoo." Safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Usitazame ziwa. Tazama tangi."

Karibu na nyumba ya pampu kulikuwa na tangi la maji juu ya miguu ya chuma, dogo kuliko punje ya mtama. Katika mpangilio wake tangi lilisimama wima. Akabadilisha picha kwa kanuni yangu mimi. Tangi likazama likawa kisima.

Akaniwekea mbele daftari la safari za ndege, kidole kikiwa tayari kwenye mstari. Ndege ya picha hulima anga kama ng'ombe wa plau. Huenda mpaka mwisho, hugeuka, hurudi. Ikienda namba hukimbia huku, ikirudi hukimbia kule, na picha zetu zilikuwa za kurudi. Namba ndogo ilipaswa kukaa kulia. Nilijua hilo! Nilikuwa nawafundisha wageni. Lakini daftari la zamani lilisema ziwa liko chini, kanuni ilisema namba ndogo kushoto, na aliyesema vingine alikuwa mtu niliyezoea kumtania. Kumbe kwa miaka ishirini yale mashamba yalikuwa yakilinywesha ziwa, nalo likawa linapanda, na sisi hatuna habari.

"Nyuma ya tuta kuna nyumba," Buluu akasema. "Nimezihesabu kwenye karatasi ya mwenye nyeusi. Sitini na tatu."

Tulimwita mkuu. Alilitazama tangi kwa muda mrefu, mara hivi, mara vile. Kisha akatoa wembe mfukoni akaulaza juu ya meza. "Hili halikwanguliki," akasema. Akapiga simu ofisi ya umwagiliaji, wakamwambia mhandisi yuko safarini na kwenye mtaro hakuna simu. Hakupiga ya pili. Alitupa gari, dereva na vifaa vya kupimia. "Nendeni nyinyi wawili. Nikiandika barua itafika watu wakiwa wameshaogelea."

Tulipita kwa Buluu achukue nguo, na jirani akakubali kumtazama mama. "Naenda kuona maji, mama," akasema mlangoni.

"Hatimaye!" mama akasema.

Jangwa lile lilituchukua siku nzima ya Ijumaa na sehemu ya Jumamosi. Nilikuwa nimelichora lote kwa mkono wangu, mistari michache tu kwa sababu ni tambarare, na nilikuwa nimelalamika kwamba ni karatasi isiyo na kazi. Sasa nilikuwa ndani yake, na halikuwa na mwisho. Buluu alishika ramani magotini na hakuizungumzia. Halafu, bila dalili yoyote, gari lilivuka mfereji na kila kitu kikawa kijani: maharage, alizeti, ngano inayoanza kugeuka rangi. Kulikuwa na nyumba za udongo zenye milango iliyopakwa rangi, kuku, na nguo kwenye kamba. Ziwa halikuonekana. Mbele yetu kulikuwa na matete tu, na ngurumo ya katapila.

Tuliukuta mtaro umekatiza mashamba na kufika kwenye mguu wa tuta. Kilichobaki kati yake na maji kilikuwa hatua kumi na mbili. Nilizihesabu mwenyewe.

Nyapara wa kazi alikuwa mtu wa miraba minne, ramani yetu imekunjwa vizuri kwenye mfuko wa shati lake. Buluu hakuzungusha maneno. "Kaka, simamisha mashine. Ziwa liko juu kuliko haya mashamba."

"Ramani inasema mteremko unaelekea ziwani."

"Hiyo ramani nimeichora mimi. Imekosea."

"Yeye aliona sawa," nikasema. Ilinibidi nipige kelele kwa sababu ya mashine, kwa hiyo kila mtu alisikia, kama walivyosikia siku ile ofisini. "Mimi ndiye niliyemkosesha."

Nyapara alitutazama kwa zamu. "Sasa nimwamini nani, karatasi au waliochora karatasi?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa na jembe begani, mwenye shamba lililo karibu kabisa na tuta, alisogea. "Sisi tumewaambia tangu Jumatatu," akasema. "Mwaka nilioolewa hapa maji yalikuwa kule mbali, tunatembea kuyafuata. Kila mwaka yanapanda, na sisi tunaongeza udongo kwenye tuta. Sasa yanatuchungulia kutoka juu. Tumewaambia, wakatuonyesha karatasi."

Karatasi ile ilikuwa na mistari yangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mimi pia nilijiuliza," nyapara akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Kadiri tunavyokaribia ziwa, ndivyo tunavyozidi kuchimba kwenda chini."

"Na hukuuliza?" Buluu akamwambia.

"Nimuulize nani, dada? Ramani ina muhuri."

"Basi zima mashine robo saa tu. Usiamini karatasi wala usituamini sisi. Tazama mwenyewe."

Akasita, akampungia mkono dereva wa katapila. Ngurumo ikapungua lakini mashine haikuzimwa.

Tulipanda tuta kupenya kwenye matete, na huko juu ndipo nilipoliona. Nimejaribu mara nyingi kulieleza nikashindwa. Hapakuwa na ng'ambo. Maji yalianza hatua chache kutoka miguuni kwangu yakaenda mpaka yakawa mbingu, meupe kama maziwa karibu na ufuko, kisha ya kijivu, kisha rangi ambayo hatukuwa nayo kwenye chupa yoyote ya wino. Yalikuwa kimya. Uzito wote ule ulikuwa umeegemea kwenye tuta la udongo lililojengwa na watu wenye majembe. Niliogopa, na wakati huohuo nilifurahi kupita kiasi, wala sijui furaha ile ilitoka wapi. Buluu alisimama kando yangu akiwa na machozi usoni, na hakuyafuta.

"Si ya buluu," akasema. "Miaka yote hii, Mzee Kahawia. Si ya buluu hata kidogo."

Kisha akachukua fito ya kupimia, akaenda kazini.

Nilisimika darubini ya miguu mitatu juu ya tuta, nikaisawazisha. Darubini hiyo hutazama sawasawa, haipandi wala haishuki, kwa hiyo fito yenye namba ikisimama mahali pa chini zaidi, namba unayosoma huwa kubwa zaidi. Buluu alisimamisha fito ukingoni mwa maji. Nikasoma mita moja na sentimita tisini. Akashuka upande wa pili, akapita kando ya mtaro mpaka shambani kwa yule mwanamke, akasimama kati ya mistari ya maharage. Nikasoma. Nikafuta jasho, nikasoma tena. Mita tatu na sentimita sitini na nne.

Nilitoa hesabu kwenye kiganja kwa kalamu, kama mwanafunzi. "Buluu!" nikaita. "Shika fito penye mita moja na sabini na nne!"

Buluu ni mfupi. Alitafuta namba kwa macho, akanyoosha mkono, na mkono ukapita juu ya kitambaa chake cha kichwani.

"Hapo," nikasema. "Hapo ndipo maji yalipo."

Buluu alisimama pale shambani, mkono juu ya kichwa, na nyuma yake kulikuwa na nyumba ya yule mwanamke, mlango wake, kuku wake, mashuka yaliyoanikwa. Vyote vilikuwa chini ya mkono ule. Yule mwanamke aliutazama mkono, akautazama mlango wake, akaliteremsha jembe taratibu begani. Alikuwa amelijua jambo hilo miaka mingi, lakini nadhani hakuwahi kuonyeshwa ni kiasi gani.

Nyapara alikuja akaweka jicho kwenye darubini. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliponyanyuka alitoa ramani mfukoni, akanirudishia bila kunitazama, akamfanyia dereva ishara ya kukata shingo. Mashine ikazimwa. Ndipo tukayasikia maji, upande wa pili wa tuta, yakigonga udongo polepole.

Mtaro ulifukiwa wiki hiyohiyo, na baadaye wakaweka pampu ya kuyapandisha maji ya chumvi hadi ziwani. Buluu aliendelea kuchora maji miaka mingine kumi na tisa, na alipokuwa akifundisha wageni aliwaambia neno moja kabla ya mengine yote: tafuteni kwanza kitu mnachokijua kimesimama. Leo ni bibi wa wajukuu watano na bado anatarizi. Lakini ninachotaka kuwaachia ni siku tuliyoanza kuichora upya karatasi ile.

Mahali palipo chini kuliko kila kitu kinachopazunguka huzungushiwa mstari wa kahawia wenye vimeno vidogo vinavyotazama ndani. Ni mstari mgumu, mkono ukitetemeka vimeno vinaharibika. Na ni wa kahawia, kwa hiyo ulikuwa wangu. Nilisafisha kalamu yangu, ile ambayo sikuwahi kumruhusu mtu aiguse, nikaiweka juu ya meza yake.

"Chora wewe."

"Mimi ni wa maji, Mzee Kahawia."

"Chora, dada."

Akachora. Chumba kizima kilisimama nyuma yake, walewale waliocheka. Alizunguka mashamba yote na nyumba zote sitini na tatu, kimeno kwa kimeno, mpaka mstari ukakutana na mwanzo wake. Mkuu alipita, akainama, akaenda zake.

Jioni nilimsindikiza. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akiambua maharage, na alitutambua kwa mlio wa viatu.

"Leo umechora nini?"

Buluu alikaa chini kando yake. "Nchi kavu, mama."

Vidole vya mama vikasimama. "Nchi kavu! Na watu wake?"

"Wamo wote."

Mama akageuza uso upande niliosimama mimi. "Na wewe, Kahawia? Umechora nini?"

"Mimi sikuchora kitu, mama," nikasema. "Mimi leo nimetazama."